Muulize Fundi: Laptopu Mpya Imefika, Vitu Vyangu Navihamisha Aje?

Barua za mwezi huu karibu zote ni maneno yale yale. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wamekua wakibadilisha mashine, wengine wamenunua mpya kabisa, wengi wamejichukulia zile za ex-UK pale Moi Avenue na Luthuli, na mashine ikishafika kwa nyumba ndo swali linatokea, sasa picha zangu, hesabu zangu, kazi za watoto, nazitoa huku nazipeleka kule vipi bila kupoteza kitu? Nimechagua barua chache. Kuna zenye nimejibu kwa kirefu na kuna zenye nimejibu mbio mbio juu hazina maneno mengi.

SWALI: Fundi, habari yako. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu na pia nina kasaluni kangu, rekodi zote ziko kwa laptopu ya zamani. Nimenunua ingine ya Windows 11, nikachukua flashi nikakopi kila kitu kwenye Desktop nikapesti kwa hii mpya. Zote ziliingia nikiona na macho yangu, lakini nikijaribu kufungua hata moja inasema ati inatafuta mahali faili iko na haioni. Na kukopi kulichukua sekunde tu, nikafurahi nikasema hii mashine mpya ni moto. Wanachama wanataka hesabu Jumapili. Nimekwisha?
Mama Hazina, Kahawa West

JIBU: Hujakwisha mama, bora tu ile ya zamani bado unayo na hakuna mtu ameiformati. Tafadhali usiiguse na usiruhusu kijana yeyote "akusaidie kuisafisha" mpaka umalize kusoma hapa.

Kitu umekopi si faili, ni shotikati. Angalia zile ikoni vizuri, kwa kona ya chini upande wa kushoto kuna mshale mdogo, huo mshale maana yake ni kwamba faili yenyewe iko mahali pengine na hiyo ikoni inaonyesha njia tu. Umebeba kibao cha "duka liko mbele" ukaacha duka nyuma. Ndio maana kukopi kulichukua sekunde, shotikati ni kilobaiti moja mbili hivi, na hesabu za chama za miaka yote haziwezi kua ndogo hivyo. Siku ingine kitu kikikopi haraka kuliko vile ulitarajia usifurahi kwanza, angalia saizi.

Rudi kwa ile ya zamani. Kwa kila shotikati bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, utaona pahali pa kufungua sehemu yenye faili iko, itakupeleka moja kwa moja mpaka nyumbani kwake. Lakini kusema ukweli hiyo ni kazi ya kuzima moto ya Jumapili. Kazi kamili inaanza kwa diski C, folda inaitwa Users, ndani yake folda yenye jina lako. Hapo ndo Windows huweka Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos na Music. Hiyo Downloads watu huisahau kila wakati, wanasema ni takataka, kumbe ndo kuna statimenti zote za M-Pesa, cheti cha KRA, barua ya kazi, picha zenye mtu alituma WhatsApp ukazifungua kwa kompyuta mara moja. Kopi yote, kuchambua utachambua ukifika kule. Halafu toka nje ya Users uangalie kama kuna folda mtu aliweka juu ya C yenyewe, na kama laptopu ina diski D, juu mafundi wengi wa mjini hugawanya diski mara mbili wakiweka Windows, wanakuambia weka kazi zako kwa D, miaka mitatu baadaye umesahau D iko.

Sasa kuna mtego mwingine. Kama laptopu ya zamani umeingia na akaunti ya Microsoft, OneDrive inaweza kua ilichukua Desktop na Documents zako kitambo ikaziweka klaudi, na wewe hukuulizwa ukaelewa, ulibonyeza tu sawa. Faili zenye zina alama ya wingu kando ya jina hazimo ndani ya laptopu, ziko intaneti, ukizikopi inabidi laptopu izishushe kwanza na bando lako ndo linalipa. Kama una waifai ya nyumbani basi bonyeza kitufe cha kulia juu ya hiyo folda ya OneDrive, uchague iwekwe kwa kifaa kila wakati, uache mpaka alama za wingu zigeuke tiki ya kijani, hapo sasa kopi. Njia ingine ni kuingia na akaunti hiyo hiyo kwa laptopu mpya na faili zitajitokeza zenyewe. Ya bure ni GB 5 tu lakini, so usitegemee kwamba kila kitu kilifika huko.

Ya kubebea vitu, mimi napenda diski ya nje, ile mnaita eksitano, kuliko flashi. Ata kama huna, omba ya mtu wa chama. Flashi za bei ya barabarani huandika pole pole sana na zingine hudanganya, imeandikwa GB 128 kwa mgongo na ndani haifiki hata nusu, unakopi vizuri tu halafu faili za mwisho hazifunguki. Diski ya nje ya kawaida kwa tundu la USB 2.0 hupitisha kama MB 30 kwa sekunde, yaani GB 100 ni karibu saa nzima, lakini ukipata lile tundu lenye plastiki ya bluu ndani, hiyo ni USB 3.0, kazi inaisha kwa dakika ishirini hivi kama faili ni kubwa kubwa. Faili ndogo ndogo nyingi huchukua muda zaidi, usiogope ukiona imekwama kwa picha za simu.

Weka laptopu kwa chaja na uiambie isilale, juu ikilala katikati kazi inasimama. Kopi, usikati. Ukikati na stima ipotee au waya utoke, nusu ya vitu iko huku nusu iko kule na wewe hujui ipi ni ipi. Ikiisha, chukua folda ya huku na ya kule, kila moja bonyeza kitufe cha kulia, chagua Properties, yaani sifa zake, iko chini kabisa kwa menyu, linganisha idadi ya faili na saizi. Zikitofautiana kuna kitu kimebaki. Zikifanana, bado fungua faili kadhaa kwa laptopu mpya, ya zamani kabisa, ya juzi, video moja, ile eksel ya chama. Hesabu ikifunguka ndo utajua umehama. Na hata hapo laptopu ya zamani iache imefungwa kwa kabati mwezi mzima au zaidi, kuna kitu utakumbuka tu, mara nyingi ni usiku wa kuamkia siku ya kukihitaji.

SWALI: Hujambo fundi. Nafanya uhasibu wa maduka madogo huku Ngara. Naweza kukopi folda ya Program Files nzima niweke kwa kompyuta mpya ndio nisinunue tena QuickBooks na Office? Jamaa wa ofisi ya kando ananiambia inawezekana.
Mhasibu, Ngara

JIBU: Jamaa wa kando anakupotosha. Programu ikiingia kwa Windows haikai kwa folda moja, inaacha vipande kwa rejista ya Windows, vingine kwa folda ya System, vingine kwa AppData, ile folda iliyofichwa ndani ya jina lako, ukibeba Program Files peke yake umebeba mwili bila mishipa. Inabidi uiweke upya kwa mashine mpya kutoka kwa faili yake ya kusakinisha halafu ulete data. Zamani Windows 7 ilikua na kitu cha kuhamisha akaunti na mipangilio, kiliitwa Windows Easy Transfer, kikaondolewa Windows 10 ilipokuja, na hata hicho hakikua kinahamisha programu.

Sasa data. QuickBooks ya kwa mashine usiikopi hivi hivi ukiwa umeifungua, ingia ndani yake utengeneze bekapu, itakupa faili inaishia na QBB, hiyo ndo unabeba na kuirudisha kule. Toleo jipya litafungua faili ya toleo la zamani lakini likishaifungua imebadilika, ile ya zamani haitaielewa tena, kwa hivyo weka bekapu moja pembeni haijaguswa. Leseni utaangalia kwa barua pepe ya siku ulinunua, na kama ilikua ya "rafiki alinipea" basi hilo ni la wewe na rafiki yako.

Office inategemea. Kama ni ile ya kulipa kila mwezi au kila mwaka, unaingia na akaunti tu kwa mashine mpya. Kama ilikuja na laptopu, mara nyingi leseni yake imefungwa kwa laptopu hiyo na haihami. Na kama unatumia Outlook, tafuta faili inaishia na PST, kawaida iko ndani ya Documents kwa folda ya Outlook Files, funga Outlook kabla ya kuikopi. Hiyo ni barua zote za wateja na haiko klaudi. Wahasibu ndo hulia sana hapa, wanabeba eksel zote wanaacha PST. Pia ile folda yenye unaweka ritani za wateja na risiti zake za KRA, jua iko wapi kabla hujaanza, wengi huziacha Downloads.

SWALI: Fundi nina flashi ya GB 32, iko tupu kabisa. Video ya ruracio ya dadangu ni GB 6. Inakataa kuingia, inasema faili ni kubwa sana. Kwani hesabu ya hii flashi ni gani?
Kamau, Githurai

JIBU: Hesabu ni sawa, fomati ndo mbaya. Flashi yako iko kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kupita GB 4 hata kama nafasi iko tele. Iformati kwa exFAT na itaingia. Kuformati kunafuta kila kitu kwa flashi, lakini umesema iko tupu. Hiyo exFAT pia ndo nzuri kama unahamia MacBook, juu Mac husoma diski ya NTFS, ile fomati ya kawaida ya Windows, lakini haiandiki juu yake.

SWALI: Niaje fundi. Niko mwaka wa nne, prozekti yangu yote iko kwa laptopu na juzi imekataa kuwaka, taa ya chaja inawaka lakini skrini ni nyeusi na fani haizunguki. Fundi mmoja wa tao ameniambia nimwachie laptopu siku tatu na pesa nusu kabla. Kuna njia ingine? Supavaiza anataka chapta ya nne.
Mwanafunzi, Juja

JIBU: Pole kijana wangu. Habari njema ni kwamba laptopu kufa na diski kufa ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi ni ubao au pawa imekufa na diski iko salama ndani, inangoja tu kutolewa.

Kwanza toa chaja, kama betri inatoka itoe, shikilia kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika, rudisha chaja ujaribu. Laptopu nyingi huamka na hiyo tu. Pia jaribu kuichomeka kwa skrini ya nje au tivi, pengine ni skrini ndo imezima, ingawa kwa vile unasema fani haizunguki sina matumaini makubwa na hiyo.

Ikikataa, diski inatolewa. Laptopu za umri kidogo zina diski ya inchi 2.5 yenye meno ya SATA, ni skrubu chache, na kuna adapta ya SATA kwenda USB yenye utaipata duka lolote la kompyuta mjini. Unachomeka, unaingiza kwa kompyuta ya rafiki, diski inatokea kama flashi kubwa, unaenda Users, jina lako, unakopi. Windows ikisema huna ruhusa bonyeza endelea na usubiri. Laptopu mpya mpya zina kile kipande chembamba kama ganda la bigiji, kinaitwa M.2, na hapo uwe macho juu kuna za SATA na kuna za NVMe, adapta zake si moja, beba kipande chenyewe dukani waangalie. Kuna laptopu zingine ndogo za bei rahisi na MacBook za miaka ya karibuni zenye diski imechomelewa kwa ubao, hizo haitoki, hapo ubao ndo utengenezwe.

Kitu kinaweza kukusimamisha ni BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, na ukiichomeka kwa mashine ingine inakuitisha ufunguo wa namba 48. Usianze kutafuta fundi wa kuuvunja, hakuna, atakula pesa yako tu. Ingia kwa akaunti yako ya Microsoft ukitumia simu, ufunguo mara nyingi umehifadhiwa huko.

Lakini ukichomeka diski ya kuzunguka ukisikia inagonga, tak tak tak, itoe saa hiyo hiyo. Usijaribu tena na tena, usiweke kwa friji vile watu huambiana, kila mzunguko unakwaruza zaidi. Hiyo peleka kwa watu wa kuokoa data tu. Na kama inasoma lakini pole pole sana, chukua chapta kwanza, miziki na sinema baadaye, juu hujui itakubeba mpaka wapi.

Kuhusu kumwachia mtu siku tatu, mimi singefanya hivyo. Kutoa diski na kukopi si kazi ya siku tatu. Kaa hapo kwa stuli uone, ndani kuna picha zako, kitambulisho, pengine paswadi za benki. Fundi mzuri hatakasirika ukikaa. Mwenye atakasirika, chukua mashine yako uvuke barabara, tao ina mafundi wengi.

SWALI: Fundi nimenunua waya wa USB wenye pande zote mbili ni zile pana za kawaida, niunganishe laptopu mbili nikopi moja kwa moja. Nimechomeka hakuna kitu inatokea.
Otieno, Umoja

JIBU: Chomoa. Pande zote mbili za laptopu hutoa umeme wa volti 5, ukiziunganisha hivyo unaweza kuchoma tundu au zaidi ya tundu. Kuna waya maalum wa kuhamisha, una kidude katikati chenye chipu, huo ndo hufanya kazi, wa kawaida hapana.

Kama laptopu zote zina tundu la intaneti la waya, waya mmoja wa mtandao kati yao unatosha, kadi za siku hizi hazihitaji tena ule waya wa kugeuzwa. Unashea folda upande mmoja, unaifungua upande wa pili. Kwa wenye hawataki kuhangaika na kushea kwa Windows, juu kusema ukweli huo upande una visirani vyake, wekeni LocalSend kwa zote mbili, ni ya bure, iko pia kwa simu, mkiwa kwa waifai moja zinaonana na mnatuma. Hata hotispoti ya simu inatosha. Zima data ya simu kabisa, washa hotispoti peke yake, faili zinapita kati ya laptopu bila kugusa bando. Usipozima data, Windows itaona intaneti na kuanza kushusha masasisho yake hapo hapo na jioni utaniuliza bando limeenda wapi. Kwa GB chache ni tamu. Kwa GB 200 rudi kwa diski ya nje.

SWALI: Nimehama vizuri fundi, asante kwa safu yako. Lakini paswadi zangu zote zilikua zimekaa kwa Chrome na hii mpya haijui hata moja. Nilikopi AppData yote vile kuna mtu aliniambia.
Dada wa Rongai

JIBU: Dadangu, paswadi za Chrome zimefungwa na ufunguo wa akaunti ya Windows ya ile mashine ya zamani, ndio maana ukibeba folda haifunguki kwingine. Washa ya zamani, ingia kwa Chrome na akaunti yako ya Google, washa kusinki, halafu ingia na akaunti hiyo hiyo kwa mpya, paswadi na alama za kurasa zitafuata. Kama hutaki Google wakae nazo, kwa mipangilio ya paswadi kuna pahali pa kuzitoa kama faili ya CSV. Hiyo faili mtu yeyote akiifungua anasoma kila paswadi yako kama gazeti, kwa hivyo ukishaiingiza kule ifute pande zote mbili na kwa pipa la taka pia, na usiitume WhatsApp kwa grupu yoyote hata ya familia. Wenye hutumia Firefox wana raha zaidi, folda ya profaili ukiibeba nzima inakuja na paswadi zake.

SWALI: Fundi, salamu. Mimi nimestaafu. Nina kompyuta ya mezani ya Windows XP, ina picha za watoto wakiwa wadogo na hotuba zangu za kanisani. Mjukuu ameniletea laptopu mpya na kujaribu kuziunganisha kwa waifai, hazionani kabisa. Pia nina CD nyingi.
Mzee, Buruburu

JIBU: Salamu sana mzee wangu, na hongera kwa kuitunza. Mjukuu hajakosea, ni kwamba lugha yenye XP hutumia kushea faili, ile SMB ya kwanza, Windows za sasa zimeizima kwa sababu za usalama. Msiiwashe. Na hiyo XP isiunganishwe na intaneti hata kidogo, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014.

Tumia flashi ya GB 32 au chini, iwe FAT32, juu XP haielewi exFAT bila kuongezewa kitu. Utakopi kwa awamu. Matundu ya hiyo mashine ni ya pole pole, weka, unywe chai, urudi. Mwambie mjukuu asinunue diski kubwa ya zaidi ya TB 2, XP haitaijua. Kama siku moja kompyuta itakataa kuwaka, diski ya ndani pengine ni ile ya waya mpana wa utepe, IDE, na adapta yake ya USB ipo pia lakini iwe na pawa yake ya pembeni.

Hizo CD zikopi sasa, usingoje. Zile za kuchoma nyumbani huchakaa hata zikikaa kwa bahasha, laptopu mpya haina pahali pa kuziingiza lakini msomaji wa DVD wa USB huuzwa. Hotuba zikishafika, fungua moja moja na mjukuu akiwa hapo, faili za Word za enzi hizo hufunguka, ila kama uliandika na programu ingine kama WordPerfect au Works, LibreOffice ya bure huzisoma nyingi. Picha ziwekwe pahali pawili, laptopu na diski ya nje yenye inakaa kwa nyumba ingine, kwa mtoto mmojawapo.

SWALI: Nilipeleka flashi saiba kuprinti, kurudi faili zangu zote zimekua shotikati na flashi imejaa lakini sioni kitu. Nilikua katikati ya kuhama.
Wanjiru, Kayole

JIBU: Hizo si zile shotikati za Mama Hazina, hizo ni virusi, vimeficha faili zako halisi na kuweka bandia. Usibonyeze hata moja. Faili bado ziko. Fungua dirisha la amri, lile linaitwa Command Prompt, kama flashi ni herufi E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze kitufe cha kuingiza, subiri, faili zitajitokeza. Kopi hizo halisi peke yake, futa shotikati na kitu chochote chenye hukijui, scani na antivairasi ya Windows yenyewe, halafu formati flashi. Na usihamie laptopu mpya na flashi yenye imetoka saiba, tafuta ingine ya hiyo kazi.

SWALI: Ile ya zamani nataka kumpea mpwa wangu wa Mwiki anaanza koleji. Nikifuta faili na kumwaga pipa la taka inatosha?
Anti, South B

JIBU: Haitoshi anti, faili zikifutwa hivyo mtu na programu ya bure anazirudisha. Hakikisha kwanza vitu vyako viko mahali pawili, si kwa laptopu mpya peke yake. Halafu kwa mipangilio ya Windows kuna sehemu ya kurejesha upya kompyuta, chagua kuondoa kila kitu, na kabla ya kuendelea ingia kwa kubadilisha mipangilio uwashe ile ya kusafisha data. Kwa diski ya kuzunguka inachukua masaa mengi, iache kwa chaja usiku. Ukimaliza ingia kwa akaunti yako ya Microsoft kwa mashine mpya uondoe ile ya zamani kwa orodha ya vifaa, na kwa WhatsApp ya simu angalia vifaa vilivyounganishwa uitoe pia.

Kama laptopu haikubali Windows 11, na nyingi hazikubali juu inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, mpwa anaweza kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya Windows 10 yenye yanaenda mpaka 13 Oktoba 2026. Au mwekee Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce, inaenda vizuri hata na ramu ya GB 4, LibreOffice iko ndani tayari na hatalipa kitu. Mwambie tu aulize koleji kwanza kama kuna programu ya masomo yenye lazima iwe ya Windows.